Matroni na Tangi la Matumbawe

Kulikuwa na mwanamke aliyeendesha gari la wagonjwa, na kwa jinsi alivyokaa nyuma ya usukani muda mrefu, watu wote walimwita Dereva, mumewe akiwemo. Siku zake zilijaa kelele. King'ora juu ya kichwa, redio ya kituo ikikoroma pembeni, na nyuma ndugu wa mgonjwa akimhimiza akanyage mafuta kana kwamba yeye anatembea kwa miguu. Akirudi nyumbani hakutaka hata televisheni. Alivua viatu mlangoni, akaketi sebuleni, akaukodolea macho ukuta.

"Huo ukuta unakuambia nini?" mumewe alizoea kumuuliza.

"Hauniambii kitu. Ndiyo maana naupenda."

Mumewe alikuwa mwoka mikate. Alirudi kutoka kazini mchana na unga kwenye nyusi, akala, kisha akalala kama gogo mpaka jioni. Watoto wao wawili walishakuwa watu wazima, kila mmoja na maisha yake mbali. Nyumba ilikuwa na utulivu, lakini utulivu wa namna ya chumba ambacho wageni wameshaondoka.

Basi siku moja jino lilimpeleka Dereva kwa daktari wa meno. Kwenye chumba cha kusubiri kulikuwa na tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake kipande cha bahari kizima kizima: mawe yenye matundu, matumbawe ya zambarau na kijani yakipepea polepole kama vidole vya mtu anayesinzia, na samaki wadogo wakipita kwa adabu kama watu wanaotembea msikitini au kanisani. Alipoitwa hakusikia. Alipoitwa tena akasema, "Mtangulize huyu baba, mimi sina haraka," na huku shavu lake limevimba kama puto.

Jioni alimwambia mumewe kwamba anataka tangi kama lile.

"Samaki wa kula?" mumewe aliuliza.

"Wa kuangalia."

Mwoka mikate alifikiri kidogo. "Afadhali kuliko ukuta," akasema, akageukia upande wa pili wa kitanda.

Kazi ikaanza. Dereva alichagua kona ya sebule isiyopigwa na jua, wakaleta meza ya chuma yenye kuhimili uzito, wakaipima kwa pimamaji. Kumbe sakafu ya nyumba waliyoishi miaka yote ilikuwa imeinama upande, wala hakuna aliyejua. Mwoka mikate alilala kifudifudi akisukuma vipande vya mbao chini ya miguu ya meza, mkewe akimwelekeza, "Kidogo. Kidogo tena. Umezidisha!" mpaka kiputo cha hewa cha pimamaji kikatulia katikati. Kisha tangi likapandishwa, mchanga mweupe ukamwagwa, pampu na hita ya kupasha maji vikafungwa, na Dereva akaanza kukoroga maji. Hakutumia maji ya bomba, maana yana dawa. Alitumia yaliyochujwa, akayatia chumvi maalumu kwenye pipa, akayakoroga na kuyapima, akayakoroga na kuyapima, kama mtu anayepika uji wa mgonjwa.

Mawe aliyanunua kwa Bwana Bado. Huyu alikuwa na duka la samaki wa mapambo nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, mwembamba, mikono ya shati imelowa saa zote. Jina alipewa na wateja wake, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

"Nimeshaweka mawe na maji," Dereva alimwambia. "Nichukue samaki?"

"Bado."

"Maji ni masafi kabisa."

"Hapo ndipo penye shida." Bwana Bado alikung'uta mikono. "Usione maji matupu, mama. Kuna vijidudu ambavyo macho hayavioni. Viko kwenye haya mawe, na sasa vinazaliana na kujijengea makazi kwenye mchanga. Hivyo ndivyo vitakavyokula uchafu wa samaki. Ukileta samaki kabla havijaongezeka, samaki atakufa kwa uchafu wake mwenyewe. Wewe subiri. Hata tangi likichafuka, subiri. Litageuka kahawia, litakuudhi, halafu litajisafisha."

Kusubiri hakukumsumbua Dereva. Alikaa mbele ya tangi lisilo na samaki kama mtu anayeangalia filamu. Mumewe akipita nyuma yake alisema, "Leo wamecheza vizuri?" naye akajibu, "Sana. Mechi imeisha suluhu."

Ni katikati ya kusubiri huko ndipo wifi yake alipokuja.

Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa mwoka mikate. Maisha yake yote ya kazi alikuwa matroni kwenye bweni la wasichana, na nyumba aliyoishi ilikuwa ya bweni. Wasichana walimwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile. Kitanda kikiwa na mkunjo aliuona akiwa mlangoni. Sasa shule ilikuwa imefunga bweni, wanafunzi wote wakawa wa kutwa, na Matroni akajikuta hana kazi wala paa. Kaka mtu alikwenda kumchukua. Njiani hakusema lolote juu ya bweni. Alisema tu kwamba madirisha ya gari ni machafu.

"Karibu wifi," Dereva alimpokea. "Hapa ni kwako."

"Asante wifi. Sitakaa sana," Matroni akajibu, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye utando wa buibui juu ya kabati.

Ndani ya siku chache utando ule haukuwepo, wala kutu ya kwenye sinki, wala doa la pazia ambalo Dereva mwenyewe alishalizoea kama ua la kitambaa. Matroni alipiga deki kabla ya watu kuamka. Alipanga sufuria kwa ukubwa. Alikunja soksi za mwoka mikate kwa namna ambayo mwenyewe alishindwa kuzikunjua. Hakuna aliyemwambia aache, kwa sababu walimwona akiwa na dekio mkononi anapumua vizuri, na akikaa bure mikono yake inahangaika mapajani.

Kitu kimoja tu kilimshinda kukielewa.

"Wifi, hivi hili sanduku la maji ni la nini?"

"Ni tangi la matumbawe. Samaki watakuja baadaye."

"Mbona linazidi kuwa chafu?"

"Lina hatua zake. Ngoja utaona."

Matroni aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni hakuridhika. Na kweli tangi lilikuwa limeingia kwenye ule wakati alioutaja Bwana Bado: utando wa kahawia ulitambaa juu ya mchanga, ukapanda mawe, ukashika kioo. Dereva aliufurahia, maana alijua ni dalili njema. Matroni aliuona kila alipopita kwenda jikoni, na kila alipouona aliwashwa viganja.

Siku moja Dereva alikuwa zamu tangu asubuhi, na mwoka mikate alikuwa na oda ya harusi. Matroni alibaki peke yake. Aliosha vyombo, vikaisha. Akafua, zikaisha nguo. Akasimama katikati ya sebule akitafuta kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa kimoja.

"Nitawafanyia jambo la kuwafurahisha," akajisemea.

Alitoa mawe yote, akayasugua kwa brashi ngumu, sabuni ya unga na dawa ya kung'arisha, mpaka yakawa meupe kama meno ya mtoto. Aliutoa mchanga kwa bakuli, akauosha kwa maji ya bomba. Akamwaga maji yote, akasugua kioo kwa sabuni ya limau, akajaza maji mapya, akapanga mawe kwa ukubwa, kama sufuria. Mgongo ulimuuma, lakini alikuwa anaimba. Alipomaliza alivuta kiti, akakaa kuwasubiri wenyewe.

Dereva alifungua mlango, na kabla hajavua viatu akasikia harufu ya limau.

"Njoo uone!" Matroni alisema, uso wote unang'aa.

Dereva aliona. Maji yalikuwa angavu, na kwenye kona moja povu jeupe lilikuwa linazunguka juu ya pampu. Alilikodolea macho povu lile mpaka uso wa Matroni ukaanza kufifia.

"Umetumia sabuni, wifi?"

"Kidogo tu. Na dawa, yale mawe yalikuwa sugu."

"Umeviua vyote."

"Nimeua nini? Mle hamkuwa na hata dagaa!"

"Vilikuwa vidogo kuliko dagaa." Dereva alishusha pumzi. Siku yake ilikuwa nzito. Alikuwa ametoka kumshusha hospitali kijana aliyeanguka kutoka juu ya jengo, na bado alikuwa anaisikia sauti ya mama wa kijana huyo. Labda siku nyingine angepima maneno. Siku hiyo yakamtoka. "Nilikuambia ungoje. Hapa si bwenini, wifi. Hapa ni nyumbani kwa watu."

Hakupandisha sauti. Lakini Matroni aliondoka pale kitini polepole, akaenda kwenye chumba alichopewa, akafunga mlango bila kelele, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Kesho yake nyumba haikupigwa deki. Vyombo vya chai vilibaki mezani. Matroni alitoka chumbani kula, akasema asante, akarudi. Mwoka mikate aliiona hali na kukwama katikati kama nyama ndani ya mkate.

"Mmegombana?" alimuuliza mkewe.

"Nimemwambia neno ambalo sikupaswa kumwambia."

"Basi mwambie lingine."

"Lipi?"

"Mimi naoka mikate," mumewe akasema. "Maneno ni yako."

Dereva alikaa mbele ya tangi lake lililokufa. Hasira ilikuwa imeshatoka. Iliyobaki ilikuwa aibu, na aibu ni ngumu zaidi kukaa nayo chumba kimoja. Alimpigia simu Bwana Bado kumweleza yaliyotokea. Bwana Bado alisikiliza, akaguna kama daktari, akasema mawe yale yameshakunywa sabuni na hayafai tena, wala mchanga. Kioo, mabomba na pampu vinaweza kuokolewa, ila lazima visuuzwe kwa siki na maji mengi, tena na tena, mpaka sabuni iishe kabisa. "Umpate mtu mwenye subira ya kusuuza," akasema. "Wengi wanachoka mapema."

Dereva aliweka simu chini, akaenda kugonga mlango wa wifi yake.

"Wifi, nisamehe. Nilikuwa na siku mbaya, nikakutupia wewe."

Matroni alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, mkoba mapajani. "Wala hukukosea," alisema. "Mimi ndiye sijui kukaa nyumbani kwa watu. Nimekaa na watoto wa watu mia mbili, sijawahi kukaa kwenye nyumba ya kawaida. Nikiona kitu kichafu naona kama kinaniita jina."

"Sasa kuna kitu kinakuita kweli. Lile tangi lina sabuni mpaka kwenye mifupa. Peke yangu sitaiweza."

Matroni alimtazama kuona kama anasema kwa kumwonea huruma. Alipoona wifi yake ameshakunja mikono ya shati, aliweka mkoba pembeni.

Walisuuza jioni ile, na jioni iliyofuata, na nyingine. Walikaa kwenye sakafu ya bafu, tangi kati yao, siki ikiwachoma macho. Matroni alionja maji kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema, "Bado," na Dereva akacheka mpaka akaegemea ukuta, kisha ikabidi amweleze kwa nini. Katikati ya kusuuza Matroni alimsimulia juu ya bweni: wasichana walivyoficha paka kwenye sanduku la nguo, na yeye akajifanya hamsikii akilia, muhula mzima. Siku ya kufunga alipita kitanda kwa kitanda akitandua shuka, na hakuna aliyemwambia azitandue. Ila hakuweza kuziacha pale.

Tangi liliposimama tena mahali pake, walikwenda pamoja kwa Bwana Bado kununua mchanga na mawe mapya. Matroni alimhoji kama msichana aliyechelewa kurudi bwenini.

"Hivyo vijidudu vyako, vinakula nini?"

"Uchafu, mama."

"Na vikishiba?"

"Havishibi."

"Basi ni watumishi wazuri," Matroni akakata shauri. "Ungenieleza wewe mwanzoni, nisingevigusa."

Nyumbani alitangaza msimamo wake mpya. Yeye na tangi watasalimiana kwa mbali. Hatagusa kioo, hatagusa waya, hata vumbi la juu ya kifuniko mwenye tangi atalifuta mwenyewe. Utando wa kahawia uliporudi, alipita mbele yake ameziba jicho moja kwa kiganja. Lakini Dereva alipobadilisha maji, Matroni alivuta kiti, akafuatilia kila kitu: jinsi anavyochomoa hita kwanza kabla maji hayajashuka, kwa sababu kioo cha hita kikiwa moto bila maji hupasuka, jinsi anavyovuta maji kwa mpira kuingia kwenye ndoo, jinsi anavyoyaacha mawe yabaki yamezama. Hakuuliza kitu. Alikuwa anatazama tu.

Alasiri moja akiwa amekaa sebuleni anamenya njegere, alisikia: ta!

Mlio mkavu, kama kioo kinapopata ufa. Aliinua kichwa. Maji yalikuwa yametulia. Akarudi kwenye njegere. Ta! Safari hii bakuli lilimponyoka. Hapakuwa na shaka, mlio ulitoka kwenye tangi. Alikaribia, akapitisha macho kwenye kila kona ya kioo bila kukigusa, mikono ameiweka nyuma. Hakuona ufa. Ta!

Alimpigia Dereva simu. Iliita mpaka ikakata. Dereva alikuwa barabarani na mgonjwa, na akiwa na mgonjwa hapokei hata kama ni rais. Alimpigia kaka yake. Mwoka mikate siku hiyo alikuwa amechelewa kazini kwa oda kubwa, na simu alikuwa ameisahau nyumbani, ikaita hapohapo mezani, chini ya gazeti. Matroni alisimama katikati ya sebule. Aliahidi hatagusa. Na kama asipogusa, maji yote yale yatamwagika sakafuni, kisha itakuwaje? Mara ya kwanza aligusa akaharibu. Mara hii akinyamaza ataharibu.

Ta!

"Nisamehe wifi," alisema kwa sauti, akapiga moyo konde.

Alichomoa hita kwanza. Kisha pampu. Alikimbia jikoni akakusanya kila chenye tumbo, ndoo, karai, sufuria, hata birika, akavisuuza kwa maji matupu, na sabuni akaisukuma mbali kwa kiwiko kama kitu chenye sumu. Akaingiza mpira kwenye tangi kama alivyomwona wifi yake akifanya, akavuta kwa mdomo, akameza chumvi ya kutosha, akakohoa, maji yakaanza kutiririka. Aliyahamisha mawe moja moja kwenye karai kubwa, kila moja akiliingiza haraka ndani ya maji ya chumvi lisipate kukauka, akiyasemesha, "Tulia, tulia, hakuna anayekusugua."

Dereva alipofika alikuta sakafu imelowa, kila chombo cha nyumba kimejaa bahari, na wifi yake amesimama katikati, sketi imekunjwa hadi magotini, nywele zimemlowa.

"Sikutumia sabuni!" Matroni alisema kabla ya salamu. "Kioo kinapasuka. Nimekusikia... nimekisikia kwa masikio yangu. Nimepiga simu. Hita nimechomoa kwanza."

Dereva aliacha mkoba ukaanguka, akapiga magoti kwenye tangi lililobaki na maji kidogo. Alipitisha kidole kwenye kila ukingo. Kioo kilikuwa kizima. Alikuwa anafungua mdomo aseme hivyo, ndipo nyuma yao, kutoka ndani ya karai, ukasikika mlio: ta!

Walitazamana.

"Karai haliwezi kupasuka," Matroni akasema taratibu. "Ni la chuma."

Wakainama wote wawili juu ya karai, vichwa vikigongana. Katika tundu la jiwe moja, vipapasi viwili vyembamba vilichungulia, vikafuatwa na kamba mdogo wa rangi ya mchanga. Gando lake moja lilikuwa la kawaida. La pili lilikuwa kubwa mno, kama mtu aliyevaa glovu ya bondia mkono mmoja. Akalifyatua. Ta! Matroni akaruka nyuma, akakalia ndoo, na Dereva akashikwa na kicheko mpaka machozi yakamtoka. Mwoka mikate alifungua mlango wakati huohuo na kuwakuta wanawake wawili wameketi kwenye maji wakicheka bila pumzi.

"Hapa nani mgonjwa?" akauliza.

Dada yake alimsimulia, na kusema kweli alitia chumvi. Katika masimulizi yake tangi lilishaanza kuvuja.

Bwana Bado, walipompigia, alisema kamba wa namna hiyo hujificha ndani ya mawe na wengi huingia majumbani bila kujulikana. Macho yake ni hafifu, anachimba shimo na kufyatua gando kutisha maadui na kuwapiga bumbuwazi wanyama anaowala. "Wateja wengine hawataki kelele zake," alisema. "Mkitaka mnirudishie, nitamchukua."

Dereva alimgeukia wifi yake, simu sikioni. "Anauliza kama tumrudishe."

Matroni alikuwa ameinama juu ya karai. "Kamba wa watu ameingia na jiwe lake, hakuomba kuja," akasema. "Anafyatua kwa sababu anaogopa. Mwacheni akae, atazoea."

Matroni mwenyewe alionekana kusikia alichosema, akaanza kukamua maji kwenye pindo la sketi.

"Anakaa," Dereva alimwambia Bwana Bado.

Walirudisha mawe na maji. Ilichukua muda mrefu kuliko kuyatoa, kwa sababu kila mtu alikuwa na maoni juu ya mahali pa kila jiwe, mwoka mikate kuliko wote. Baadaye Dereva aliingia kwenye chumba cha wifi yake kuchukua taulo, akaona jambo ambalo alishaliona mara nyingi bila kulitia maanani: nguo zote za Matroni bado zilikuwa ndani ya begi, zimekunjwa, zipu imefungwa. Alifungua kabati, akatoa makoti ya binti yake na viatu vya shule vya zamani, akavibeba vyote mpaka stoo.

"Unafanya nini?" Matroni aliuliza kutoka mlangoni.

"Natoa vitu vya watu kwenye kabati lako."

Matroni aliingia chumbani. Baada ya muda ulisikika mlio wa zipu.

Mwisho wa yote, Bwana Bado alipima maji, akakuna shingo, akatoa neno ambalo Dereva alianza kudhani halimo kinywani mwake: "Tayari." Waliweka matumbawe laini kwanza, kipande kidogo cha kijani kilichojikunja kwa hasira siku nzima kisha kikafunguka. Baadaye akaja samaki mmoja mdogo wa mchangani, wa aina ile inayopenda kuishi shimo moja na kamba wa kufyatua. Kamba anachimba, samaki analinda mlango. Hivyo ndivyo Bwana Bado alivyowaahidi. Samaki hakuwa na habari. Alikwenda kujificha nyuma ya pampu, akakaa huko, na kamba akaendelea kuchimba peke yake upande wa pili, akifyatua kila taa ilipowashwa.

"Mpeni muda," alisema Matroni, ambaye siku hizi ndiye aliyewalisha, kwa sababu zamu za Dereva hazikuwa na mpangilio. Asubuhi alikwenda kumsaidia kaka yake kwenye duka la mikate. Alipanga mikate kwa ukubwa, na wateja waliowahi kugusagusa mikate kabla ya kununua waliacha tabia hiyo.

Wakati wa mvua Dereva alirudi kutoka kwenye zamu mbaya. Kulikuwa na mzee ambaye hakufika hospitali. Alivua viatu mlangoni, akaja akaketi mbele ya tangi, koti bado mwilini. Matroni alimtazama mara moja. Alisogeza kiti chake karibu.

"Leo wameonana," alisema.

"Nani?"

"Hawa wawili. Samaki alitoka nyuma ya pampu, akasimama kwenye mlango wa shimo. Nikajua sasa atapigwa. Kamba akatoka na jiwe, akamgusa kwa kipapasi, hivi. Akamgusa tena. Akarudi ndani kuchimba, na samaki akabaki palepale mlangoni."

"Jiwe kubwa kiasi gani?"

Matroni alionyesha kwa vidole viwili, akasita, akavisogeza pamoja kidogo. Dereva alitabasamu, akavua koti. Chumbani mwoka mikate alikuwa anakoroma. Mvua iligonga kwenye dirisha, na ndani ya tangi samaki alikuwa bado amesimama mlangoni kwake, mchanga ukirushwa nje nyuma yake.